Kondo la mkanda: kwa nini mbwa akizaa anatoa uchafu wa kijani

Watu wengi huku kwetu, kuanzia Machame mpaka Ngaramtoni, uzazi wa mnyama wanaoujua vizuri ni wa ng'ombe, yule wa bandani nyuma ya nyumba, na wanachokijua kwa ng'ombe wanakihamishia kwa mbwa kama kilivyo. Ndo maana jike la mbwa likianza kutoa uchafu wa kijani siku ya kuzaa nyumba nzima inachanganyikiwa, huyu anasema kala sumu ya panya, yule anasema watoto wameozea tumboni, mwingine kashashika simu anamtafuta bwana mifugo. Hiyo rangi ina sababu yake na sababu iko kwenye kondo la nyuma, maana kondo la mbwa na paka limejengwa tofauti kabisa na la ng'ombe, na tofauti na la binadamu pia. Linaitwa kondo la mkanda.

Kwanza umbo. Mji wa mimba wa mbwa una pembe mbili ndefu, kama herufi Y, watoto wanajipanga humo mmoja nyuma ya mwenzake na kila mtoto ana kondo lake mwenyewe, hakuna kushea. Sasa chukua chupa ya maji ya dukani uitazame: mtoto yuko ndani ya chupa, ile lebo iliyozunguka katikati ndo kondo, na juu na chini ya lebo ni ngozi nyembamba tu ya mfuko ambayo haijashikana na mama. Ng'ombe yeye ana vifundo vimetawanyika, 70 mpaka 120 hivi, farasi na nguruwe kondo limesambaa karibu mfuko mzima, binadamu ni duara moja bapa. Mkanda ndo alama ya wala nyama, mbwa, paka, simba, chui, mbweha wote wanao, japo kuna wachache kama dubu ambao mkanda haufungi mzunguko wote. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba tembo, ambaye hajawahi kugusa nyama na anabeba mimba miezi 22, na yeye ana kondo la mkanda, na pimbi pia, yule anayepiga kelele usiku kwenye misitu ya Kilimanjaro utadhani mtu anakabwa. Kwa hiyo umbo peke yake halikwambii mnyama anakula nini.

Cha pili ni ukaribu wa damu ya mama na ya mtoto, na hapa ndo utamu wote ulipo. Damu hizi mbili hazichanganyiki, katikati kuna tabaka, na mwaka 1909 mtaalamu mmoja anaitwa Otto Grosser alipanga makondo ya wanyama kwa kuangalia tabaka ngapi zimebaki. Farasi na nguruwe zimebaki zote sita, ng'ombe karibu hivyo hivyo, kondo limeegemea tu ukuta wa mama bila kuula. Binadamu zimebaki tatu za upande wa mtoto, damu ya mama inaliosha kondo moja kwa moja. Mbwa na paka wako katikati, nne: kondo linakula ngozi ya ndani ya mji wa mimba, linaendelea kuchimba mpaka linaikuta mishipa midogo ya damu ya mama, linaizunguka halafu linasimama hapo hapo. Fisi madoa ndo kakataa kufuata ukoo, yeye kondo lake linaivunja mpaka hiyo mishipa kama la binadamu, lakini si unajua fisi kila kitu chake cha uzazi ni cha ajabu.

Haya, kijani. Kwenye kingo za huo mkanda, pande zote mbili, mishipa ya mama inavujisha damu makusudi na damu inatuama hapo, inakuwa kama dimbwi pembeni. Seli za kondo zinazimeza chembe nyekundu za hiyo damu moja moja na kuzimeng'enya, lengo ni madini ya chuma, maana mtoto anahitaji chuma kutengeneza damu yake na hii ndo njia mojawapo kubwa ya kukipata. Chuma kikishatolewa kinachobaki ni rangi, kwa mbwa ni ya kijani inaitwa uteroverdini, ndugu yake na ile rangi ya kijani unayoiona kwenye nyongo au jeraha la ndani likianza kupona. Kwa paka inabaki ya kahawia, ndo maana wenye paka hawapati huu mshtuko. Wakati wa mimba hiyo rangi imefungiwa pembeni ya kondo, haina pa kutokea, kondo likianza kubanduka tu inamwagika.

Kwa hiyo kijani maana yake ni moja tu, kuna kondo limebanduka. Swali la kujiuliza ni limebanduka la nani na saa ngapi. Kama mtoto wa kwanza kashatoka na unaona kijani wala usihangaike, ndo kondo lake hilo, linatoka naye au ndani ya dakika 15 hivi, na saa nyingine wanatoka watoto wawili ndo makondo yanafuata. Ila kama kijani kimetangulia na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka, hiyo ni habari nyingine kabisa, kuna mtoto huko ndani ambaye njia yake ya hewa imekatika na bado hajafika nje, usisubiri mpaka asubuhi, mpigie daktari wa mifugo hapo hapo. Na tafadhali ile tabia ya kumchoma sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, iliyobaki ya ng'ombe iacheni, kama mtoto kakwama amekaa vibaya unausukuma mji wa mimba mpaka upasuke. Pia usivute kondo kwa kiungamwana, ule mrija wa kitovu, kikiwa bado kimeunganika na mtoto, unamsababishia ngiri ya kitovu. Mama mwenyewe atakikata na atalila kondo, mwache, akila mengi sana ataharisha kidogo basi.

Tofauti nyingine na ng'ombe: kwa ng'ombe kondo linachomoka bila kuacha kidonda, tatizo lake ni kugoma kutoka, likipita saa 12 mpaka 24 mnaita mtu. Kwa mbwa kugoma ni nadra, lakini kwa vile kondo lilikuwa limechimba linang'oka na kipande cha mama, linaacha alama mbichi ya mkanda kila alipokaa mtoto. Ndo maana mbwa anatoa uchafu kwa wiki tatu au zaidi, wa kijani mwanzoni halafu unageuka mwekundu wa kahawia unapungua mdogo mdogo. Mbwa wa uzao wa kwanza wengine hizo alama zinachelewa kupona, matone ya damu yanaendelea hadi zaidi ya wiki sita huku mwenyewe anacheza na anakula vizuri tu, mara nyingi inaisha yenyewe ila apimwe. Harufu mbaya, homa au kukataa kunyonyesha hapo si suala la alama tena.

Zile tabaka nne zinaamua pia nini kinapita. Ndama anazaliwa hana kinga karibu kabisa ndo maana wafugaji wanakimbizana na dang'a, mtoto wa binadamu anazaliwa na kinga nyingi ya mama. Mtoto wa mbwa anapata kiasi kidogo sana kupitia kondo, asilimia 5 mpaka 10 hivi, zilizobaki zote ni maziwa ya kwanza na utumbo wake unafunga mlango wa kuipokea kinga hiyo ndani ya siku moja, akichelewa kunyonya kachelewa. Lakini minyoo inapita! Mabuu ya mnyoo mviringo wa mbwa yanakaa yamelala kwenye nyama za mama, mimba ikifika kama siku ya 42 yanaamka na kuvuka kondo kwenda kwa watoto, kwa hiyo kale katumbo kakubwa ka mtoto wa mbwa siyo shibe na siyo kwamba banda lako chafu, kazaliwa nayo. Dawa ya minyoo aanze akiwa na wiki mbili. Kwa paka mnyoo wao haupiti kwenye kondo, unapita kwenye maziwa.

Mwisho hii ya vipimo, maana kuna machalii wa Arusha wananunua kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa wanampimia mbwa. Hakisomi, kinatafuta homoni ambayo kondo la mbwa halitengenezi. Hata projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, kondo la mbwa halitengenezi, inatoka kwenye ovari tangu mwanzo mpaka mwisho, na ovari inaitoa kwa miezi miwili hivi baada ya joto hata kama jike halikupandwa, ndo chanzo cha mimba hewa, unakuta mbwa kachimba shimo, matiti yamejaa maziwa na tumboni hamna kitu. Kondo la mbwa linatengeneza rilaksini, hiyo ndo ya kupima, kwenye damu, kuanzia wiki ya nne hivi. Altrasaundi nayo inaona kuanzia hapo hapo, na ukitaka hesabu ya watoto piga eksirei baada ya siku ya 55 mifupa ikishakomaa. Siku zenyewe ni 63 kuhesabia yai lilipotoka, ila ukihesabia siku aliyopandwa unaweza kupata 57 ukapata 72, kwa sababu mbegu zinaishi tumboni siku kadhaa na yai la mbwa likitoka linahitaji kama siku mbili kukomaa kwanza.