Pasi yako ina X? Nisikilize kabla hujakata tiketi

Wiki hii nimeambiwa maneno yale yale mara tatu, na wa tatu alinikuta hata chai sijanywa, kwa hiyo leo naandika. Kazi yangu ni kukata tiketi hapa Toronto. Wateja wengi ni watu wetu, wa Mombasa, Dar, Bukavu, Bujumbura, na sa hivi nawakatia mpaka watoto wao waliozaliwa huku. Kati ya hao watoto wapo nonbainari, hajihesabu me wala ke, na kwenye pasi yake ya Kanada pale kwenye jinsia pamechapwa X. Anakuja na mamake, mama anakaa kiti cha ukutani kimya, anayeongea ni mtoto, na kinachomtoka ni hiki: "Anti, X imekubaliwa kimataifa, kwa hivo nchi yoyote lazima inipokee hivo hivo."

Hapana mwanangu. Wallahi hapana.

Kilichokubaliwa kimataifa ni namna ya kuchapa pasi, basi. Shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina waraka namba 9303 unaoeleza pasi iwe vipi ili mashine za nchi zote ziweze kuisoma, na humo jinsia inaweza kuandikwa M, F au X. Huo waraka haumwambii afisa wa uhamiaji wa Muscat, Oman, akuhesabu vipi ukishafika mbele yake. Kanada wenyewe, ambao ndio waliokupa hiyo X (walianza 2017 kwa kuandika maelezo tu ndani ya pasi, 2019 ndio wakaanza kuichapa yenyewe), wanakwambia wazi hawawezi kukuhakikishia nchi nyingine itakuruhusu kuingia au hata kupita. Aliyekupa pasi anasema hivo halafu unakuja kunibishia mimi.

Toa pasi yako, fungua ukurasa wa picha. Juu unaona X. Haya, shuka chini kwenye ile mistari miwili ya herufi na namba ambayo hamuisomagi, mstari wa pili, ukishapita namba za tarehe ya kuzaliwa. Mwenzio pale ana M au F. Wewe una <, ile ile alama inayojazwa kwenye nafasi tupu. Yaani mashine haisomi X, inasoma kwamba jinsia haikutajwa. Sasa kama mfumo wa nchi ile hauna chumba cha "haikutajwa", afisa anabaki anaitazama skrini inamdai me au ke, foleni imefika mlangoni, ndege mbili zimetua pamoja. Atakuuliza. Ukichelewa kujibu atakuchagulia mwenyewe kwa kukuangalia.

Na usidhani ni nchi za kwetu tu. Uingereza mpaka leo haitoi pasi ya X, kesi ilifika Mahakama ya Juu na Desemba 2021 ikashindwa. Marekani Aprili 2022 walifungua X kwa raia yeyote aliyeitaka, Januari 2025 wakafunga. Zilizotolewa zinaendelea kutumika mpaka ziishe muda, lakini mpya hakuna. Sasa hiyo "kimataifa" mnayoniambia ni ipi?

Halafu kuna kitu ambacho wateja hawakioni kabisa, taarifa za abiria ambazo shirika la ndege linazituma kwa nchi unayoenda kabla hujapanda. Marekani tangu 2025 kwenye taarifa hizo wanataka M au F tu, hata pasi ikiwa na X, na mfumo ukipelekewa X unarudisha kosa. Ndio ikamkuta mteja wangu mwaka jana. Nilimkatia Toronto, New York, Nairobi, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na mama alitaka iwe mapumziko moja tu njiani. Saa tisa usiku simu inalia, chek-in ya mtandaoni imegoma, kila akiweka X inamrudisha ukurasa wa mwanzo, ameshajaribu mara sita. Nikamwambia weka herufi moja tu mwanangu, tumalize. Akanyamaza. Kisha nikasikia analia, na si kwa sababu ya ndege, ni ile herufi aliyoiacha miaka minne nyuma anaambiwa airudie saa tisa za usiku na mtu aliyeamshwa usingizini. Hapo mi nilikosea, ningemwambia siku ile ile ya kukata tiketi. Tangu hapo namwambia kila mtu kwanza, kabla ya bei.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu na sitaubadilisha: weka X kila panapokubali X. Pasipokubali, chagua herufi moja ukiwa nyumbani, umetulia, na ukae na hiyo hiyo safari nzima, kwenye buking, kwenye viza, kwenye bima. Wanaotaabika ni wale tiketi ina F, fomu ya viza ina M na pasi ina X, halafu afisa anaanza kuuliza hizi ni karatasi za watu wangapi. Na jina, jamani, jina! Mnahangaika na X, tiketi mmeandika jina mlilojipa na pasi bado ina jina la kuzaliwa. Herufi ya jinsia mara nyingi kaunta inazungumzika, jina lisilofanana na pasi hupandi ndege.

Mengine mnayoniambia, haraka haraka.

"Mi napita tu, sitoki eapoti." Sheria ya nchi haikomei mlango wa eapoti, ukiwa transiti uko ndani ya nchi yao. Na Marekani hata hiyo transiti ya kukaa ndani haipo, kila anayepita New York anapanga foleni ya uhamiaji kama anayeingia.

"Sheria zao ni za mashoga, mi sio shoga." Inategemea nchi, ndio maana nataka mniambie mnapita wapi. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, miaka 14 jela, na cha 154 cha Tanzania kinachofika hadi maisha, vyote vinazungumzia tendo, havina habari na ulivyojiandikisha. Ila Oman ni habari nyingine, na wateja wangu kibao wana shangazi Muscat: sheria yao ya 2018, kifungu cha 266, inamshika mwanamume aliyeonekana na mavazi ya kike, kuanzia mwezi mmoja mpaka mwaka. Hapo ni nguo. Ukiandikwa M na umevaa dera, hakuna atakayekuuliza wewe ni shoga au sio shoga. Na hata Kenya, askari wa barabarani hatembei na kitabu cha sheria mfukoni.

"Nikikamatwa ubalozi utanitoa." Hautakutoa. Watakuja kukuona, watakupa orodha ya mawakili, watawapigia wazazi. Na kama una uraia wa Kenya pia, Kenya inakuona wa kwake.

"Pasi mbili zenye jinsia tofauti ni kughushi." Hii ni ya wazazi. Sio kughushi, kila nchi imekuandika inavyojua yenyewe. Ya Kenya ina F, ya Kanada ina X, sawa tu, ila zote mbili beba, maana raia wa Kanada harudi huku kwa ndege bila pasi ya Kanada hata awe na nyingine tano, labda mojawapo iwe ya Marekani. Watanzania hii haiwahusu, uraia pacha bado.

"Nonbainari ndio huntha." Sio. Huntha ni maumbile ya kuzaliwa, Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019 wakapatikana 1,524. Nonbainari ni mtu anavyojijua, mwili wowote ule. Mama mmoja alinibishia hapa kwamba kule nyumbani hata lugha haina mambo haya, nikamwambia dada, Kiswahili ndio hakijawahi kuuliza, amekuja, amekula, amelala, wapi umesikia me au ke? Bibi yake akimpokea Kisauni atamwita mjukuu wangu.

"Skana inajua." Skana haijui chochote. Ile ya kusimama mikono juu, kwa miaka mingi mtumishi alikuwa anakuangalia na kubonyeza me au ke, na mwili usiofanana na kitufe unawaka njano kwenye skrini pale pale mnapojua. Marekani 2023 walianza kuweka programu isiyouliza, baadhi ya sehemu bado vitufe viwili. Ikilia, omba upapaswe chumba cha faragha, na sema mapema unataka mtumishi gani. Kifuani kama umevaa kibana kifua, kiwe cha kitambaa kitupu, zipu na vyuma acha.

Na dawa. "Ni homoni tu sio madawa ya kulevya." Testosteroni Marekani iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na hapa Kanada pia, sasa we unaibeba kwenye kibegi cha mekapu haina hata kibandiko, unapita nayo Ghuba! Ibaki kwenye boksi lake, kibandiko cha duka la dawa kiwe na jina lile lile la kwenye pasi, barua ya daktari pembeni, vyote kwenye begi la mkononi. Na kiasi cha safari tu, usibebe ya mwaka mzima.