Pilipili ya Hiari: Kwa Nini Wengine Hukesha na Tamthilia za Majonzi na Wengine Huzikimbia

Nyumba yenye televisheni moja na watu zaidi ya wanne haikosi ugomvi huu. Saa tatu usiku mmoja anataka tamthilia ambayo mama amezikwa juzi na watoto wameshaanza kugombea nyumba. Mwingine anainuka, anachukua simu yake na kwenda kukaa barazani: "Mimi yangu yananitosha." Aliyebaki humwona mwenzake mwoga. Aliyetoka naye hushangaa mtu anawezaje kula wali na maharage huku anatazama mwenzie akikata roho. Sisi wa saikolojia na ushauri nasaha huulizwa kila mara ni yupi kati yao mwenye tatizo. Kwa kawaida hakuna. Wote wawili wanapima pilipili, na kila mmoja amesimamisha mkono pale alipoona panamtosha.

Mfano wa pilipili si wangu. Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alijishughulisha kwa miaka mingi na swali la kwa nini binadamu hula kwa raha kitu kinachomchoma ulimi. Mwaka 2013 yeye na wenzake waliiweka raha hiyo kapu moja na raha ya muziki wa simanzi na filamu za kuliza. Maelezo yao ni kwamba mwili unaona hatari na kuanza kujihami: jasho, machozi, moyo kwenda mbio. Wakati huohuo akili inajua hakuna hatari yoyote. Raha inakaa katikati ya hayo mawili. Wahenga waliposema "pilipili usozila zakuwashiani" walikuwa wakimkanya mdaku, lakini mtazamaji wa tamthilia ndiye hasa anayewashwa na pilipili asiyoila, tena amelipia kifurushi ili awashwe.

Raha hiyo ina sharti lake: lazima kuwe na nafasi kati ya kioo na maisha ya anayetazama. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, wanakumbuka kanuni iliyokuwa ikitangazwa na watoto wa benchi la mbele: staringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Kanuni hiyo ilikuwa kinga. Damu ingeweza kumwagika lita ngapi, mtoto wa miaka minane alikuwa na uhakika nani atasimama mwishoni. Wasimulizi wa filamu, mfano DJ Afro wa Kenya, wanaongeza kinga nyingine juu ya hiyo, maana mtu akichinjwa huku msimulizi anatania, kifo kinageuka kichekesho. Tamthilia nzito za siku hizi zinafanya kinyume. Staringi anakufa sehemu ya tatu, mwema anaharibika, na hakuna sauti ya kukuambia kwamba huo ni mchezo tu.

Chukua tamthilia ya Uingereza iitwayo Adolescence, iliyotoka Netflix Machi 2025. Ina sehemu nne tu. Inaanza kwa polisi kuvunja mlango wa familia ya kawaida kumkamata mvulana wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Kila sehemu ilipigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatizwi mwanzo hadi mwisho. Watu wengi walisifu ufundi huo. Mimi nauona zaidi kama namna ya kumnyima mtazamaji pumzi, kwa sababu picha inapokatwa na kuhamia mahali pengine ndipo sisi tunapomeza mate na kujikumbusha kwamba tuko sebuleni. Sehemu ya tatu, karibu yote, ni mwanasaikolojia na mvulana huyo chumbani. Nikiri: mimi ninayekaa kwenye vyumba vya namna hiyo kwa mshahara niliisimamisha mara mbili nikaenda kuchemsha chai. Nina kijana wa umri ule. Mwenzangu wa ofisini, ambaye hana mtoto, aliimaliza yote usiku mmoja na kusema ilikuwa nzuri mno. Kwa mwenzangu kioo kilikuwa mbali, kwangu kilikuwa mlango wa nyumba yangu.

Watafiti wa zamani waliona jambo hili kwa sura nyepesi zaidi. Mwaka 1984 Jennings Bryant na Dolf Zillmann waliwachosha baadhi ya wanafunzi kwa kazi ya kuboa, wengine wakawatia msongo, kisha wakawaachia televisheni wachague wenyewe. Waliochoshwa walikimbilia vipindi vya kusisimua. Waliokuwa na msongo walitazama vya kutuliza zaidi kuliko wenzao. Zillmann akajenga hoja kwamba tunatumia televisheni kurekebisha hali ya moyo, kama vile mtu anavyofungua au kufunga dirisha. Inaeleza vizuri kwa nini muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anataka vichekesho. Haielezi kwa nini mtu mwenye furaha zake, siku ya Jumamosi, anajitafutia kilio.

Hapo ndipo Mary Beth Oliver wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alipoingia. Alianza kuandika juu ya fumbo la filamu za huzuni mwaka 1993, na baadaye yeye na wenzake wakatenganisha vitu viwili ambavyo lugha ya kila siku huvichanganya: kufurahishwa na kuguswa. Tamthilia inaweza isikufurahishe hata kidogo, ila ikakuacha umenyamaza, unamfikiria baba yako, au unatamani kumpigia simu ndugu mliyekosana. Anayeuliza "ina raha gani hiyo?" anatafuta kitu ambacho mwenzake hakukifuata.

Kuhusu kulia kwenyewe, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, watu wanasema machozi ya ukumbi wa michezo husafisha moyo, kana kwamba huzuni ni maji machafu yanayotoka yakaisha. Siyo rahisi hivyo. Ila kuna jaribio moja ninalolipenda. Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikusanya watu watazame kwa vikundi filamu ya televisheni kuhusu maisha ya mateso ya mtu asiye na makazi. Kabla na baada ya filamu, kila mmoja aliegemea ukuta kama aliyekalia kiti kisichokuwepo, mpaka mapaja yakatae. Waliosisimuliwa na kisa hicho walivumilia maumivu zaidi baada ya filamu, na walijiona karibu zaidi na watu waliotazama nao. Waliotazama filamu za maelezo juu ya makumbusho na miamba hawakupata hayo. Watafiti wanaihusisha hali hiyo na endofini, kemikali ambazo mwili wenyewe huzitumia kupunguza maumivu. Jambo la kukumbuka ni kwamba watu hao walitazama pamoja. Anayejifungia na simu chini ya shuka saa nane usiku hayuko katika hali iliyopimwa pale.

Sisi Watanzania tulikwisha kuyaonja haya kabla ya televisheni kuingia majumbani, kupitia redio. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliokusudiwa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila kituo, aliambukizwa na hatimaye akafa. Mkewe, Tunu, alichoka naye, akaanza biashara ndogo na kujisimamia. Zilikuwa nyakati ambazo watu walikuwa wakizika majirani. Kwa hesabu ya Zillmann, msikilizaji angezima redio atafute muziki. Hawakuzima. Kwa karibu miaka miwili mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo ili watafiti wapate kulinganisha, na walikuta uliwabadilisha wasikilizaji, ikiwemo kwenye matumizi ya uzazi wa mpango na kupunguza wapenzi. Nadhani siri ilikuwa kwa Tunu. Msiba ulikuwa karibu kabisa na msikilizaji, lakini ndani yake kulikuwa na mtu anayefungua mlango wa kutokea. Maumivu yakiwa karibu na mlango upo, watu huvumilia. Ukaribu bila mlango ndio unaomfanya mtu atoke aende barazani.

Hivyo msimlazimishe aliyetoka. Mtu aliyefiwa karibuni, aliyenusurika ajali au kubakwa, aliyelelewa kwenye nyumba ya vipigo, anaweza kuona dakika mbili za tukio linalofanana na lake na mwili ukarudi kule. Kuna wengine wenye jeraha hilohilo wanaotafuta makusudi hadithi kama yao, ili wajue hawakuwa peke yao. Sioni sababu ya kuwasukuma hawa wafanane na wale. Alama ya kuangalia ni nyingine: usingizi kupotea kwa siku kadhaa, picha zinazorudi bila kuitwa, au mtu ambaye hatazami kingine chochote ila giza na bado hapati ahueni. Huyo azungumze na mshauri.

Kwa watoto na vijana nakuwa mkali zaidi. Tamthilia ya Marekani 13 Reasons Why ilitoka mwishoni mwa Machi 2017 ikionyesha msichana anayejiua. Utafiti wa mwaka 2019 uliona ongezeko la vifo vya kujiua kwa Wamarekani wa miaka 10 hadi 17 mwezi uliofuata. Wengine walichambua takwimu hizo upya na kupinga kwamba tamthilia ndiyo iliyosababisha, na ubishi huo haujaisha. Netflix waliliondoa tukio lenyewe Julai 2019. Mimi nisingesubiri watafiti wakubaliane: kijana mwenye huzuni ya muda mrefu asiachwe atazame hadithi ya namna hiyo peke yake. Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Tuachane pia na kuwazomea wanaouliza mwisho mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2011 waliwapa watu hadithi fupi, baadhi zikiwa zimefichuliwa mwisho wake, na kufichua hakukuharibu utamu. Mara nyingi kuliuongeza. Kwa anayeogopa, kujua mwisho ni ile ile kanuni ya staringi hafi, au angalau kujua anakufa sehemu ya ngapi ili ajiandae. Kwa hiyo akichungulia kutoka barazani na kuuliza, "Vipi, yule mtoto alipona?" mwambieni. Huenda akaingia akaketi.