Sanamu nje ya uwanja: tunayoambiana Arusha na ukweli wake

Tangu kazi ianze pale Olmoti, kwenye uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, kijiweni kwetu Kaloleni maneno hayaishi. Juzi yalitoka kwenye nyasi na viti yakafika kwenye sanamu: nje ya lango tumweke nani? Nilisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Mengi yalisemwa kwa nia njema lakini hayakuwa kweli, na tukiyaacha hivyo tutasimamisha kitu ambacho wajukuu watatuuliza tulikuwa tunawaza nini.

Tuanze na uwanja tulionao, unaoitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid. Kijana mmoja alisema bila kusita kwamba Sheikh Amri Abeid alikuwa mshambuliaji wa zamani, kwa hiyo sanamu yake iwe na mpira mguuni. Hapana, mdogo wangu. Sheikh Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa shekhe na mshairi, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki 1964, hajazeeka hata kidogo. Kila anayetunga kwa vina na mizani leo ananufaika na kazi yake, maana kitabu chake cha 1954 kiliziandika wazi sheria za kutunga mashairi, ambazo wengi walikuwa wakizijua kwa sikio tu.

"Basi achongwe na kanzu na kofia," akasema mwingine. Hapo ndipo ilipo dhana inayozaa nyingine zote: kwamba kumkumbuka mtu ni lazima kuwe na sura yake. Waislamu wengi hawaridhii kuchonga sura ya binadamu, na huyu alikuwa shekhe. Heshima yake ianzie hapo. Mimi ningemwekea jiwe. Jiwe jeusi la mlima wetu, refu kuliko mtu, lililochongwa ubeti mmoja wa shairi: mistari minne, mizani kumi na sita kila mmoja, na vina vya kati na vya mwisho vikichimbwa kwa kina zaidi ya herufi nyingine, ili mtoto apitishe kidole na kuvihisi kabla hajafundishwa darasani. Hiyo nayo ni sanaa ya kuchonga, tena yenye kumfanana mwenyewe.

Mzee aliyekaa pembeni akatikisa kichwa: sanamu ni ya marehemu, kumchonga aliye hai ni kumwombea kifo. Namheshimu mzee wangu, ila historia ya viwanja inasema vingine. Kule Olympia, Ugiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, washindi walisimamishiwa sanamu wakiwa hai, wakazipita kwa miguu yao. Karibu na enzi zetu yupo Michael Jordan. Sanamu yake nje ya ukumbi wa Chicago Bulls ilizinduliwa Novemba 1994, akiwa amestaafu kikapu. Machi 1995 akarudi, akacheza jirani na sanamu yake mwenyewe na kutwaa ubingwa mara tatu zaidi. Mashabiki wa Arsenal hapa mjini nao wanamjua Thierry Henry: sanamu yake iliwekwa nje ya uwanja wao Desemba 2011, mwezi uliofuata akarudi kwa mkopo, akaingia kutoka benchi na kuwafunga Leeds. Hakuna aliyekufa.

Kuna dhana moja inaniuma kuliko zote. Inasema sanamu ni ya mshindi peke yake. Tuna mtu ambaye dunia nzima inamheshimu kwa kumaliza wa mwisho. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Wakimbiaji 75 walianza. Akaanguka njiani, goti na bega vikaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20 na ushei. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeshaingia, wa 57 kati ya 57 waliofika. Wenzao 18 hawakufika kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Ukimchonga huyu ukamnyanyulia mikono juu kama bingwa, umemwibia hadithi yake. Mchonge bendeji. Mchonge ule mguu unaokataa kukunjika, na mwili wote ulivyolemea upande ambao hauumi.

Na ndiyo maana napingana pia na wale wanaosema sanamu nzuri ni ile ambayo uso umetoka sawasawa na picha. Uso una nafasi yake, na kinyago cha Cristiano Ronaldo kilichowekwa uwanja wa ndege wa Madeira mwaka 2017 kiliwachekesha watu duniani kote kwa sababu ya uso. Lakini mwanamichezo hatambuliki kwa uso peke yake, hutambulika kwa mwendo. Ukiwa jukwaani huoni pua ya mchezaji, ila unajua ni yeye kwa jinsi anavyogeuka.

Mchukue Filbert Bayi, mwana wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Wengi wakitafuta rekodi hujificha nyuma ya mwenzao anayekata upepo, halafu huchomoka mwishoni. Bayi alichomoka mwanzoni na hakushikwa. John Walker alimfukuza hadi mwisho, naye akawa chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Sanamu ya Bayi, basi, inahitaji nafasi tupu. Mbele yake pasiwe na kitu, na nyuma yake uachwe mwanya mrefu wa ardhi, watu waupite na kuuliza mbona pako wazi. Huo mwanya ndio Bayi.

Sasa vifaa, ambako kijiweni tulipotea kabisa. Wengi wanaamini sanamu ya shaba ni pande zima la madini, ndiyo sababu ina bei ya kutisha. Ndani ni tupu. Ukiigonga inalia kama kengele, na unene wa ukuta wake ni milimita chache. Fundi hufinyanga umbo kwa udongo, hulitolea kalibu, ndani ya kalibu hupaka nta, kisha nta ile hufunikwa kwa mchanganyiko unaostahimili moto na kutiwa tanuri. Nta huyeyuka na kutoka, panabaki uwazi mwembamba, na uwazi huo ndio unaomiminiwa shaba yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Vipande huungwa kwa kulehemu. Gharama iko kwenye kazi na moto. Na asikudanganye mtu kwamba ufundi huu ni wa Ulaya: mafundi wa Ife, Nigeria, walikuwa wakimimina vichwa kwa njia ya nta zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Ile rangi ya kijani inayoota juu ya shaba nayo husingiziwa kuwa ni kuoza. Ni tabaka linaloikinga. Anayeisugua mpaka ing'ae anaivua nguo.

Wengine wakasema tutumie mpingo, maana Wamakonde wametuachia jina. Kwa ndani ya jengo, naam. Nje, jua la mchana na mvua za masika vitaupasua.

Inabaki saruji, ambayo ndiyo sanamu nyingi tunazoziona mitaani, na dhana yake ni kwamba ukishaimwaga umemaliza, haidai matunzo. Uwanja wa mtaa nilikokulia ulikuwa na mchezaji wa saruji mwenye jezi ya rangi ya mafuta. Kwanza ulitokea ufa mwembamba kwenye kiwiko, kila mwaka rangi ikapakwa juu yake, halafu siku moja mkono ukadondoka chini. Bahati watoto walikuwa shule.

Sababu yake nilikuja kuonyeshwa na fundi mmoja upande wa Njiro, aliyekuwa akitengeneza simba wa geti. Nondo alizikunja kuwa miguu, akazungushia wavu wa kuku, akajaza saruji kwa mwiko, na manyoya ya shingoni akayachora kwa kisu cha jikoni. Kisha akanipeleka kwa simba mwingine, wa zamani, aliyerudishwa kutengenezwa. Kwenye paja palikuwa na mstari wa rangi ya chai. Akachokoa kwa ncha ya kisu, saruji ikabanduka ganda zima, na ndani nondo ilikuwa imevimba kama kidole kilichobanwa na mlango. "Maji yaliingia," akasema. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, kwa hiyo huisukuma saruji kutoka ndani mpaka ipasuke. Dawa ni saruji iwe nene ya kutosha juu ya nondo, maji yapate njia ya kutiririka badala ya kutuama kwenye mikunjo, na ufa ukizibwa uzibwe ukiwa bado unywele. Rangi juu ya ufa ni kuufunika tu.

Nikamuuliza kama anaweza kutengeneza mtu anayekimbia. Akasema mtu aliyesimama ni rahisi, uzito unashuka kwenye miguu miwili. Anayekimbia anagusa chini kwa mguu mmoja, kwa hiyo chuma chote kipite kwenye kifundo kile na kizame mbali ardhini. Akaweka mwiko chini, akaniambia nipige hatua moja ya mbio pale kwenye vumbi la karakana yake nisimame hapo hapo, akachuchumaa kuangalia ni sehemu gani ya kiatu changu iliyobeba mwili.