Kwa nini wazee huanguka ndani ya nyumba wanazozijua vizuri?

Nyumba nyingi za zamani pale Ngamiani, Tanga, zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo uani. Saa nane za usiku bibi anabanwa na mkojo. Umeme umekatika. Anavaa kandambili zilizolika, anavuka kizingiti, anakanyaga saruji iliyolowa.

Mjukuu hupita hapohapo kila siku asianguke, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi kuwa sababu. Ili mtu asimame wima, ubongo hutegemea macho, sikio la ndani, na neva za nyayo na viungo. Mtoto wa jicho hufifisha macho. Kisukari cha miaka mingi hutia nyayo ganzi. Kijana akijikwaa, mguu wa pili humdaka kabla hata hajajua. Kwa mzee hatua hiyo huchelewa, na mapaja yamepungua nguvu.

Kuna na damu. Tunapoinuka, damu hushuka miguuni, na mishipa hulazimika kubana upesi ili ubongo usiikose. Uzeeni mbano huo hulegea, na baadhi ya dawa za presha, zikiwemo zile za kukojoza, huongeza tatizo. Kizunguzungu kinamkuta bibi akiwa tayari ukumbini. Ndiyo maana akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe miguu, ndipo ainuke. Dawa asiziache kwa uamuzi wake, amweleze daktari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi zaidi.

Kinachoniumiza ni kwamba wazee wengi huficha. Wanaogopa kukatazwa kwenda sokoni au msikitini, na kweli tunawakataza: "Bibi, tulia, nitakuletea." Misuli isiyotumika hunyauka, na mwanguko wa pili husogea. Mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili hupunguza kuanguka kwa karibu robo: kuinuka kitini mara kadhaa, kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta na mtu yupo karibu.

Ukitaka kuanza leo, ipite njia ya usiku ya mzee wako, kutoka kitandani hadi chooni, taa zikiwa zimezimwa. Mkeka uliokunjika utauona, na mahali pa kufunga bomba la kushikia pia. Kisha muulize kwa upole kama amewahi kuteleza hapo, na akijibu ndiyo, usimgombeze.