Herufi zilizojirudia kwenye sarafu si lazima ziwe mali

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: fungua mabunda ya sarafu kutoka benki, ukiona maandishi au tarehe imejirudia, usiitumie, ni utajiri. Si kweli, ingawa haukutoka hewani. Senti ya Marekani ya 1955 yenye tarehe iliyojirudia ni adimu kweli na hununuliwa ghali.

Senti ile iliharibikia kwenye muhuri, yaani chuma kinachogandamiza picha na maandishi juu ya sarafu. Muhuri wenyewe ulipotengenezwa uligandamizwa picha zaidi ya mara moja, na mara ya pili ukakaa upande kidogo, kwa hiyo kila sarafu iliyopigwa nao ikatoka na kasoro ileile. Sarafu nyingi zinazopigwa picha na kutumwa ni jambo jingine: muhuri ulilegea na kusogea wakati wa kupiga, ukasukuma ukingo wa herufi. Hilo hutokea mara kwa mara, na wakusanyaji hawalilipii ziada.

Chukua kioo cha kukuzia na taa ya pembeni. Ukiona kama ngazi bapa inayong'aa chini ya herufi, na herufi imekonda, ni msogeo tu. Kasoro ya kweli huonyesha herufi mbili kamili zilizoinuka, mara nyingi na mpasuko mdogo kwenye pembe zake. Kwa picha ya simu yenye ukungu, hata mzoefu hatambui.

Bei za kutisha zinazoambatana na ujumbe huo mara nyingi ni bei ambazo wauzaji wanaomba tu. Angalia bei ambazo sarafu zimeuzwa kweli. Ukiupokea, usiusambaze.