Hapana, Pentagoni haikulipia SWAT ya mji wenu

Nimetumiwa tena ile video ya gari la deraya la SWAT, kikosi maalumu cha polisi, linakatiza mtaa wa Marekani, na chini yake maandishi: "Serikali kuu inawalipia kila kitu." Kazi yangu ni kuandika maombi ya ruzuku na kufunga hesabu zake katika kaunti moja ya huku Marekani, kwa hiyo mnivumilie nikifoka.

Kosa lenyewe naelewa linatoka wapi. FFU ya Tanzania na GSU ya Kenya ni za taifa, bajeti ni moja, amri ni moja. Marekani ina vyombo vya polisi karibu 18,000, na vingi ni vya miji na kaunti. Mishahara ya SWAT, mazoezi, bima, mafuta: kwa sehemu kubwa ni kodi za wakazi wa hapo hapo.

Halafu kuna mpango wa 1033, wa kuwapa polisi vifaa vya jeshi, ambao kila mtu anauita ruzuku. Si ruzuku! Hakuna hata senti inayotoka mkono huu kwenda ule. Ni mpango uliotokana na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1997: jeshi likiwa na vifaa lisivyovihitaji tena, polisi wanaomba, wanalipia usafiri, na matengenezo ni juu yao. Vitu vya kawaida, kama makabati na mahema, huwa mali yao baada ya mwaka. Bunduki na MRAP, yaani magari ya deraya ya kuhimili mabomu, hubaki mali ya Wizara ya Ulinzi (Pentagoni) hata zikikaa kwenu miaka 20. Huhesabiwa kila mwaka, na bunduki moja ikipotea idara inaweza kusimamishwa kwenye mpango mzima. Sasa gazeti likiandika "polisi wapewa gari la dola 700,000", hiyo ni bei ambayo jeshi lililinunulia zamani. Mjini kwenu haikuingia hundi yoyote.

Fedha zenyewe zina njia nyingine. Ipo ruzuku ya JAG ya Wizara ya Sheria, yenye jina la Edward Byrne, askari wa New York aliyeuawa 1988. Hugawanywa kwa idadi ya watu na uhalifu wa kutumia nguvu, na fungu la mji mdogo halinunui hata mlango wa deraya. Mafungu manono yako Wizara ya Usalama wa Ndani, kupitia FEMA, idara yake ya maafa. Huko kifaa lazima kiwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, na uonyeshe kinahusiana vipi na ugaidi. Kwa kawaida unanunua kwanza, unadai baadaye. Na marufuku kutumia ruzuku kulipia kile ambacho mji ulishakipangia fedha zake.

Hilo sharti la ugaidi ndilo lililoipata Keene, New Hampshire, mji wa watu kama 23,000. Mwaka 2012 ulipata BearCat, gari la deraya la polisi, kwa ruzuku ya karibu dola 286,000, na ombi lao lilitaja tamasha la maboga. Nchi nzima ilicheka. Mimi namwelewa aliyeliandika. Fomu inakuuliza gaidi atapiga wapi, nawe kwenu mkusanyiko mkubwa ni huo wa maboga. Ungejaza nini?

Amri za marais juu ya vifaa hivi: Obama aliweka mipaka 2015, Trump akaifuta 2017, Biden akaweka mingine 2022, Trump akaifuta tena 2025. Sisi tunabadilisha fomu, basi.

Je, vinasaidia? Tafiti za 2017 zilisema vifaa vya jeshi hupunguza uhalifu. Mwaka 2020 watafiti wengine wakarudia hesabu, wakakuta takwimu zilizotumika ni mbovu na nafuu ile haionekani. Mtafiti Jonathan Mummolo alichunguza SWAT za Maryland mwaka 2018, hakuona kwamba zinawapa wakazi usalama zaidi. Kwenye maombi mimi huandika kwamba kifaa "kitaongeza uwezo", kwa sababu hakuna mkaguzi atakayekuja kuupima.

Ukitaka kujua nani analipia matairi ya deraya lenu, achana na Washington. Soma kumbukumbu za baraza la mji. Mara nyingi ruzuku hupokelewa kwenye ule mkupuo wa mambo madogo yanayopitishwa kwa kura moja bila mjadala, katikati ya kibali cha gwaride na ukarabati wa choo cha bustani.