Kuchemka kwa ugali hakuondoi sumukuvu

"Ikishachemka, hakuna kinachobaki." Nimeisikia tena juzi kwenye foleni ya mashine ya kusaga Kibaigwa, mama mmoja akipuliza vumbi la kijani kwenye mahindi yake. Kuvu wanakufa, kweli. Sumu waliyoiacha si kiumbe hai, haina cha kufa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Aflatoksini, moja ya sumu hizo za kuvu, huhitaji zaidi ya 200 ndipo ivunjike.

Wengi huihusisha sumukuvu na ini tu, na si ajabu: mwaka 2016 iliua karibu watu 20 Dodoma na Manyara. Lakini mahindi hayohayo mara nyingi hubeba pia fumonisini, sumukuvu nyingine, na hii huuchokoza utumbo. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, zimebanana kama matofali. Fumonisini huvuruga utengenezaji wa mafuta yanayojenga utando wa seli hizo. Viungio hulegea, bakteria hupata upenyo. Tumbo huenda lisiume kabisa, ndiyo maana ugali haushukiwi.

Kukoboa hupunguza, maana sumu nyingi hukaa kwenye pumba. Pumba ambazo, bahati mbaya, tunawapa kuku.